Chema Kisichojiuza

Ndani ya ndege ya kundi la DuJour jicho halina pa kupumzikia. Duara jekundu lenye kitone chekundu katikati, nembo ya maduka ya Target ya Marekani, limetapakaa kila upande. Vijana wanne waliovalia kama malaika wa gazeti la urembo wanazozana juu ya jambo ambalo kwao ni zito: mmoja anamtuhumu mwenzake kumwibia mkao wa uso anaoutumia mbele ya kamera. Wakishatulia, wanamgeukia Wyatt, msimamizi wao, na kumpa rekodi ya wimbo wao wenyewe. Wamesikia kitu chinichini ambacho hawakukiimba, wanataka kujua kimeingiaje humo. Wyatt anatabasamu, anaingia kwa rubani, na muda si muda wawili hao wameruka na miavuli, wamewaacha nyota wa muziki ndani ya tangazo lenye mabawa.

Hivyo ndivyo inavyoanza Josie and the Pussycats, filamu ya vichekesho vya vijana iliyoingia katika kumbi za sinema za Marekani tarehe 11 Aprili 2001 na kutoka humo bila kuagwa. Waliiandika na kuiongoza Harry Elfont na Deborah Kaplan, ambao miaka mitatu kabla walikuwa wamepata jina kwa filamu nyingine ya vijana, Can't Hardly Wait. Mbele ya kamera walikuwamo Rachael Leigh Cook, Rosario Dawson na Tara Reid kama wasichana watatu wa bendi, na Alan Cumming na Parker Posey kama wabaya wanaowanunua. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 39. Mapato yake yote, nchi zote zikijumlishwa, hayakufika milioni 15. Roger Ebert, mhakiki aliyesomwa kuliko wengi nchini humo, aliipa nusu nyota kati ya nne.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilizaliwa katika soko ambalo mnunuzi anaweza kuliminya embe na kulinusa kabla ya kutoa fedha. Sinema haikubali kuminywa. Mtazamaji analipa mlangoni, anaonja baadaye, na anachokinunua kwa kweli ni bango, trela na maneno ya watu. Kwa hiyo katika biashara ya filamu kila kitu hujitembeza, chema na kibaya pamoja, na aliyeshindwa kujitembeza wikendi ya kwanza huondolewa kwenye kumbi kabla sifa zake hazijamfikia jirani. Josie ilifunguliwa juma lilelile ambalo Bridget Jones's Diary ilianza kuonyeshwa Marekani, huku Spy Kids ikiendelea kuvuta familia nzima nzima. Haikupewa muda wa kunuswa.

Ajabu ni kwamba filamu hii inahusu kujitembeza, mwanzo hadi mwisho. Ndege ya Target ni mfano mmoja tu. Starbucks imo, na chupa za maji zimo, na simu zimo. Katika onyesho moja Melody, mpiga ngoma mwenye moyo mweupe na akili inayotembea kwa starehe zake, anaoga katika bafu lililopambwa kwa matao ya manjano ya McDonald's. Anapotoka anakuta kioo kimefunikwa na mvuke, na juu ya mvuke kuna maandishi yanayomwonya ajihadhari na muziki. Onyo la maana kuliko yote katika filamu limeandikwa kwa kitu kitakachokauka baada ya dakika chache, ilhali nembo za chakula zimebandikwa zibaki. Mtu akipenda kujua waongozaji walikuwa na maoni gani juu ya dunia yao, bafu hilo linatosha.

Wahakiki wengi walilitazama bafu hilo na kuona unafiki. Vipi filamu ikemee matangazo huku imejaa matangazo? Nyani haoni kundule, walisema kwa lugha yao. Lakini Elfont na Kaplan wameeleza zaidi ya mara moja kwamba hakuna kampuni iliyolipa ili nembo yake ionekane. Nembo zilikuwa kichekesho chenyewe, zimemwagwa kupita kiasi ili mtazamaji achoke, acheke, kisha atoke nje na kuona barabara yake upya. Kejeli ina hatari hiyo tangu zamani: msikilizaji asiyekonyezwa mapema huichukua kuwa kauli ya kweli, akamlaumu msemaji kwa jambo lilelile ambalo msemaji analicheka.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Baada ya DuJour kupotea, Wyatt anahitaji bendi mpya haraka. Anafika mji mdogo wa Riverdale, anakutana barabarani na wasichana watatu wenye vyombo vyao na masikio ya paka vichwani, ananyanyua kasha tupu la sidii na kuwatazama kupitia humo. Wanaenea vizuri ndani ya fremu. Basi. Mkataba unatiwa saini kabla hajasikia hata noti moja. Katika muda wa juma moja wako namba moja nchini, na jina la bendi limeshabadilishwa: zamani waliitwa The Pussycats, sasa ni Josie and the Pussycats. Herufi chache zimeongezwa mbele na urafiki umepata ufa.

Anayeuona ufa huo kwanza ni Valerie, mpiga gitaa la besi. Yeye ndiye mweusi pekee kati ya watatu, na yeye ndiye anayesahauliwa kwenye mahojiano, anayekatwa pembeni ya picha, ambaye kampuni haina haja ya kumjua. Rosario Dawson anaigiza hali hiyo bila hotuba. Ni uso wa mtu anayejiuliza kama anaonea wivu au anaonewa. Kuna historia nyuma ya uso huo. Valerie wa katuni ya televisheni iliyotengenezwa na Hanna-Barbera mwaka 1970 hutajwa kuwa msichana mweusi wa kwanza kuwa mhusika wa kudumu katika katuni za Jumamosi asubuhi nchini Marekani. Miaka 31 baadaye, filamu inayodaiwa kuwa ya upuuzi ilimpa kisa cha kuachwa nje ya fremu, na ikakieleza kwa usahihi ambao filamu nyingi za heshima za wakati ule hazikuujaribu.

Siri ya MegaRecords, kampuni ya muziki ambayo Wyatt anaifanyia kazi, ni kwamba ndani ya kila wimbo kuna ujumbe usiosikika: nunua hiki, tupa kile, rangi ya juzi imepitwa na wakati. Vijana wanatoka dukani wakikimbilia duka jingine. Serikali inajua na inasaidia, maana vijana wakinunua uchumi unapanda. Wazo hili lilikuwa na babu yake. Mwaka 1957 mtafiti wa masoko aitwaye James Vicary alidai kwamba katika ukumbi wa sinema wa New Jersey alipitisha kwenye pazia maneno ya haraka yasiyoonekana kwa jicho, yakihimiza watu wale bisi na kunywa Coca-Cola, na mauzo yakapanda. Nchi nzima ilishtuka. Miaka michache baadaye Vicary mwenyewe alikiri kwamba mambo hayakuwa kama alivyoyatangaza. Hofu haikukiri pamoja naye. Mwaka 1990 huko Reno, Nevada, bendi ya Judas Priest ilisimama mahakamani ikidaiwa kwamba ujumbe uliofichwa katika rekodi yake ulisukuma vijana wawili kujipiga risasi. Jaji hakukubali dai hilo.

Kwa nini watu huupenda uongo wa Vicary hata baada ya kuambiwa ni uongo? Huenda kwa sababu unafariji. Kama kuna sauti iliyofichwa, basi mtu hakununua kwa upumbavu wake, alirogwa. Josie inaicheka faraja hiyo. Ndani ya filamu ujumbe umefichwa kwenye nyimbo, lakini nembo ziko wazi, kubwa kuliko nyuso za waigizaji, na hakuna anayezishangaa. Hapo ndipo kejeli ilipo na makali: kilichofichwa kinahitaji njama ya serikali, kilicho wazi kinahitaji tu watu wazoee. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ina nembo kifuani.

Muziki wa miaka ile ulikuwa umekaribisha kejeli ya namna hii. Machi 2000 albamu ya NSYNC, No Strings Attached, iliuza nakala zaidi ya milioni 2.4 nchini Marekani katika juma lake la kwanza. Alasiri kwa alasiri vijana walijazana chini ya madirisha ya studio ya MTV pale Times Square, wakipiga kelele kuelekea juu ambako Carson Daly alikuwa akiendesha kipindi cha TRL. Filamu ilimchukua Daly huyohuyo, ikampa rungu la besiboli, ikamtuma awaue Valerie na Melody. Tara Reid, aliyekuwa Melody, wakati huo alikuwa mchumba wake kweli. Kisha kwa kuongeza chumvi ikamleta mchekeshaji mweusi, Aries Spears, naye akadai kuwa Carson Daly. Sura ya televisheni inaweza kubadilishiwa mwenyewe na kipindi kikaendelea.

Ngoma ivumayo haidumu, na nyingi kati ya ngoma za mwaka ule hazikudumu. Ila muziki wa filamu hii una kisa tofauti. Sauti ya Josie katika nyimbo si ya Rachael Leigh Cook. Ni ya Kay Hanley, mwimbaji wa bendi ya Letters to Cleo ya Boston. Kenneth "Babyface" Edmonds alikuwa miongoni mwa watayarishaji. Adam Schlesinger wa Fountains of Wayne aliandika Pretend to Be Nice. Waigizaji watatu walifanya mazoezi ya gitaa, besi na ngoma ili mikono yao isiwasaliti kwenye pazia. Matokeo yake ni nyimbo za gitaa zenye haraka na utamu, ambazo ziliandikwa kwa bendi isiyokuwepo na bado zikawa bora kuliko za bendi nyingi zilizokuwepo. Albamu ilipata cheti cha dhahabu Marekani, yaani nakala nusu milioni. Watu walioikwepa filamu waliununua muziki wake, na hakuna ujumbe uliofichwa uliowahi kupatikana humo.

Swali la kwa nini filamu ilikwepwa halina jibu moja. Asili yake ilikuwa vitabu vya katuni vya Archie, kwa hiyo wazazi waliiona ni ya watoto. Ndani yake kuna utani wa kingono, mauaji na dhihaka juu ya ubepari, kwa hiyo watoto wengi hawakuielewa. Na wakubwa ambao wangeielewa hawakuwa tayari kuonekana wakikata tiketi ya filamu yenye wasichana watatu waliovaa masikio ya paka. Hili la mwisho ndilo zito. Kinachopendwa na wasichana wa miaka 14 huhukumiwa kabla hakijasikika. Wavulana wakipenda magari yanayolipuka huitwa soko. Wasichana wakipenda wimbo huitwa wazimu. Filamu hii iliwacheka mashabiki wa DuJour, ni kweli, lakini iliwacheka kama dada mkubwa anavyomcheka mdogo wake, kisha ikawakabidhi hadithi ambayo ndani yake kilichookolewa mwishoni ni urafiki. Mpenzi wa Josie yupo, anapiga gitaa, ni mpole, na hadithi ingeweza kwisha bila yeye.

Hata jina la Josie lina mgogoro wa mali ndani yake. Mchoraji Dan DeCarlo alimbuni mhusika huyo na kumpa jina la mkewe. Kitabu chake kilianza kutolewa mwaka 1963. Filamu ilipokuwa njiani, DeCarlo, aliyekwisha kuchorea Archie Comics kwa zaidi ya miaka 40, alidai mahakamani haki juu ya Josie. Kampuni iliacha kumpa kazi, na mahakama haikumpa alichokidai. Alifariki Desemba 2001, miezi michache baada ya filamu. Wyatt wa kwenye hadithi anabadilisha jina la bendi kwa kalamu moja na kulifanya mali ya kampuni. Nje ya hadithi, mzee mmoja aliyelitoa jina hilo nyumbani kwake alikuwa akiambiwa kwamba si lake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wasichana walioikosa kwenye kumbi waliikuta chini, kwenye rafu za video za kukodi, katika makapu ya DVD za bei ya kutupa, kwenye televisheni mchana wa siku zisizo na shule. Waliitazama wakiwa wamelala kwa marafiki, wakairudia hadi wakajua kila mzaha. Miaka ikapita, wakawa waandishi wa magazeti, wanamuziki, waalimu wa vyuo, wakaanza kuisema kwa sauti ya watu wazima. Si filamu hii peke yake iliyotembea njia hiyo. Heathers ya mwaka 1989 iliingiza fedha kiduchu kwenye kumbi ikaja kuwa shule ya kejeli kwa kizazi kizima. Wet Hot American Summer, iliyotoka mwaka uleule wa 2001, haikufikisha hata dola laki tatu Marekani, lakini Netflix ilikuja kuifanyia tamthilia mwaka 2015 na tena 2017. Filamu za vijana zina sifa hii ya pekee: watazamaji wake waaminifu hawana fedha wala kalamu siku zinapotoka. Inabidi wasubiriwe wakue.

Septemba 2017 walikuwa wamekua. Kampuni ya Mondo ilitoa upya muziki wa filamu kwenye santuri, na huko Los Angeles, katika ukumbi wa Ace Hotel, filamu ilionyeshwa kwa watu waliojazana, Kay Hanley akaziimba nyimbo jukwaani, na Cook, Dawson na Reid wakakaa pamoja mbele ya umati uliowashangilia kama bendi ya kweli. Baadhi ya walioshangilia walikuwa wadogo mno mwaka 2001 kuingia sinema peke yao. Schlesinger hakuishi kuuona mwaka wa ishirini wa filamu. Alifariki tarehe 1 Aprili 2020 kwa matatizo yaliyoletwa na UVIKO-19, na katika siku zile za karantini watu walizirudia nyimbo zake, hizi za Pussycats zikiwamo.

Wengi sasa huiita filamu ya utabiri, na si vigumu kuona kwa nini. Mwaka 2001 bafu lenye nembo lilikuwa kichekesho cha kupita kiasi. Leo kijana anaweza kurekodi bafu lake mwenyewe, akaonyesha sabuni kwa tabasamu, akaitaja kampuni iliyompa, na wenzake wakamwonea gere. Wasanii hutafuta kiki kabla ya kutafuta wimbo. Chawa hulipwa wasifie, na anayesifiwa huwa naye anatangaza kitu cha mwingine. Wyatt angeshangaa kuona kwamba haihitajiki tena kuficha sauti chini ya muziki. Watu huomba wenyewe kufuatwa, na huhesabu wafuasi wao kila asubuhi. Hata hivyo neno utabiri linawapa waongozaji sifa wasiyoihitaji. Hawakuitazama kesho. Waliutazama mwaka wao kwa makini wakati wengine walikuwa wanacheza, na mambo waliyoyaona hayakuondoka.

Kuna onyesho karibu na mwisho ambalo wapenzi wa filamu hulirudia kuliko mengine. Uwanja umejaa. Kila mtu amevaa masikio ya paka, vifaa vilivyouzwa kwa lazima, kwani bila hivyo tamasha halisikiki; ndani yake umepangwa ujumbe wa kuwafanya wote wampende Fiona, bosi wa MegaRecords. Fiona mwenyewe, kumbe, ni msichana aliyedhihakiwa shuleni kwa kithembe chake, na Wyatt alikuwa kijana mwingine wa shule hiyohiyo asiyependwa na mtu. Njama yote ya kuitawala dunia ni watu wawili ambao hawakualikwa kwenye sherehe. Mtambo unavunjika. Josie anauomba umati uvue masikio, usikilize kwa masikio ya kuzaliwa, kisha uamue wenyewe kama bendi ni nzuri. Wanavua. Wanasikiliza. Wanapenda.

Uwanja wa kwenye filamu uliamua katika muda wa wimbo mmoja. Uwanja wa nje ulichukua zaidi ya miaka 15, na gharama ya ucheleweshaji huo ililipwa na watu wenye majina. Elfont na Kaplan waliendelea kuandika. Kazi zao zimo katika Made of Honor ya mwaka 2008 na Leap Year ya mwaka 2010. Lakini hawakupewa tena filamu kubwa ya sinema kuiongoza. Makofi ya Los Angeles yalikuwa ya kweli, na hayakuweza kurudisha filamu tatu au nne ambazo wawili hao wangezitengeneza walipokuwa na njaa na umri wake. Wanaofurahia hadithi za kazi zilizosahaulika kisha zikapendwa huzisimulia kwa upande wa kazi. Upande wa mfanyakazi hausimuliki vizuri hivyo. Na santuri ya mwaka 2017 nayo iliuzwa, kwa rangi za kupendeza, kwa watu walioipenda filamu inayowaonya wasinunue kila kinachopendeza. Bila shaka wengi wao walicheka wakati wanalipa.

Filamu yenyewe ilijiwekea mzaha kwa ajili ya siku hiyo. Njama inapofichuka, ofisa wa serikali anatangaza kwamba muziki umeachwa, kwa sababu imegundulika kuwa sinema hubeba ujumbe uliofichwa vizuri zaidi. Hapohapo maneno yanapita kwenye pazia upesi, lakini si upesi kiasi cha kutosomeka: kwamba Josie and the Pussycats ni filamu bora kuliko zote, na kwamba mtazamaji ajiunge na jeshi. Watazamaji wa mwaka 2001 waliusoma ujumbe huo na hawakutii sehemu yoyote. Wanaoitii leo sehemu ya kwanza wamefika wakiwa wamechelewa, wengine wana watoto na mvi, na hakuna aliyewalipa kusema wanayoyasema.